Vitabu vizito vinavyochekesha bila kutangaza, na maisha pia: tuleteane mifano

Msoma Polepole (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuwaza kama miezi mitatu hivi, leo nimeamua niuandike tu hata kama utakuwa mrefu, mwenye haraka aruke.

Ilianzia hospitali. Mzee wetu alikuwa amelazwa hali mbaya, sisi watoto wake wanne tumezunguka kitanda hakuna anayeongea, unasikia mashine tu. Daktari akaingia, kijana mpole, akaanza yale maswali ya kupima kama mgonjwa bado ana fahamu zake, jina lako nani mzee, huu mwaka gani, hapa ni wapi. Mzee anajibu kwa shida, lingine anapata lingine anakosa. Mwishoni daktari akamshika kaka yetu mkubwa bega, akamsogeza karibu na kitanda, akauliza "Na huyu mzee, unamfahamu?" Mzee akamwangalia kaka muda mrefu mpaka tukaanza kuinamisha vichwa, maana tulijua ndiyo basi tena, hata kifungua mimba wake kashamsahau. Halafu akasema taratibu kabisa:

"Namfahamu. Ana hela yangu."

Jamani tulicheka. Tulicheka mpaka nesi akafungua mlango akidhani kuna mtu kazidiwa. Dada yangu analia na kucheka kwa wakati mmoja, daktari mwenyewe kageukia dirishani mabega yanamtikisika. Na ilikuwa kweli, kaka alikuwa na hela ya mzee, ya siku nyingi.

Usiku ule usingizi haukuja, nikachukua kitabu kilichokuwa karibu, hadithi fupi za Anton Chekhov, yule Mrusi ambaye naye alikuwa daktari. Nikasoma ile ya 1883 ya karani anayeitwa Chervyakov. Yuko zake ukumbini anatazama onyesho, anapiga chafya, kuinua kichwa anaona mzee wa kiti cha mbele anajifuta upara na shingo, tena sio mzee wa hivi hivi, ni jenerali. Anaomba radhi, jenerali anamwambia haina neno. Wakati wa mapumziko anamfuata tena anaomba radhi, kesho yake anamfuata ofisini anaomba radhi, keshokutwa anarudi kueleza kwamba jana alikuwa anaomba radhi kweli hakuwa anafanya mzaha, mpaka jenerali anatetemeka kwa hasira na kumfukuza. Karani anarudi nyumbani, hata sare havui, analala kwenye kochi, anakufa.

Hadithi inaishia hapo hapo, kwenye neno la kufa. Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikakaa kimya, halafu nikamkumbuka mzee na hela yake. Nikaona ni kitu kile kile. Jambo kubwa limefika mlangoni, binadamu yeye kashikilia jambo dogo na halitoi mkononi. Nadhani hapo ndipo kicheko cha kweli kinapokaa, na waandishi wazito wanapajua sana, ila sisi tulisomeshwa kuhakiki fani na maudhui, dhamira, ujumbe, migogoro, sikumbuki hata siku moja mtu akituambia hapa mwandishi anataka ucheke.

Leteni mifano, ya vitabu na ya maisha yenu. Mimi nipo.

Bi Kurasa

Mleta uzi kwanza pole kwa kuuguza. Pili asante, maana nimekuwa nikijiuliza kama niko peke yangu.

Mimi nakupa Kafka. Watu wakisikia Kafka wanakunja uso kabla hata hawajafungua ukurasa, kiza, mateso, mwanadamu aliyepotea. Haya, sasa rudi kwenye ile hadithi yake ya 1915, Gregor Samsa anaamka asubuhi amegeuka mdudu mkubwa, miguu kibao inachezacheza hewani haimtii. Mimi na wewe tungepiga mayowe. Yeye anatazama saa ya kengele anaona ni saa kumi na mbili na nusu, na treni yake imeondoka saa kumi na moja! Anaanza kupiga hesabu ya treni inayofuata, na anawaza ataambiwa nini kazini maana miaka mitano yote hajawahi kuugua hata siku moja. Na kweli haujapita muda mrefu bosi wa ofisini anafika nyumbani mwenyewe kuuliza mbona mfanyakazi hajaonekana. Mdudu yuko chumbani, bosi yuko nje ya mlango, na mdudu anajitetea kwa hotuba ndefu ya adabu kabisa kwamba ni kizunguzungu kidogo tu, atakuja na treni ya saa mbili.

Max Brod, rafiki yake aliyeandika maisha yake, ameeleza kwamba Kafka alipowasomea marafiki sura ya kwanza ya kile kitabu cha yule bwana anayekamatwa bila kuambiwa kosa, alikuwa anacheka mpaka kuna wakati anashindwa kuendelea kusoma. Mwandishi mwenyewe! Tangu nilipojua hilo namsoma tofauti kabisa.

Kiti cha Nyuma

Mkuu kwa wale wanaosoma Biblia, kitabu cha Yona. Nasema kwa heshima zote kwa sababu nakipenda na nimekisoma mara nyingi mno.

Yona anatumwa Ninawi anakimbia, anamezwa, anatapikwa, anakwenda kwa shingo upande, anahubiri sentensi moja tu. Na mji mzima unatubu! Nabii gani mwingine alipata matokeo ya hivyo? Mfalme anashuka kwenye kiti cha enzi anaamuru kila mtu avae gunia, na wanyama nao wavae gunia. Soma sura ya 3 mstari wa 8, imeandikwa wazi, mwanadamu na mnyama pia. Hebu vuta picha ng'ombe wa mji mzima wamevishwa magunia wamefunga hawali hawanywi.

Sasa badala ya kufurahi Yona anakasirika mpaka anaomba afe. Anakaa nje ya mji jua linamchoma, Mungu anamwoteshea mmea wa kivuli anafurahi sana, kesho yake mdudu anautafuna mmea unanyauka, Yona anaomba kufa tena, safari hii kwa ajili ya mmea. Mungu anamuuliza unatenda vema kukasirika kwa ajili ya huo mmea? Anajibu ndiyo, natenda vema, hata kufa. Na kitabu kinaisha kwa swali la Mungu, wewe unauhurumia mmea, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu, na wanyama wengi tena? Neno la mwisho la kitabu kizima ni wale wanyama, nadhani bado wamevaa magunia yao.

Huyo ndiyo wako mleta uzi, jambo kubwa mlangoni na mtu kashikilia mmea.

Fundi Sentensi

Naheshimu uzi lakini nina pingamizi na nalitoa kwa nia njema. Mnacheka karani aliyekufa, mnacheka mgonjwa. Mfaransa Henri Bergson aliandika kitabu kuhusu kicheko mwaka 1900, na hoja yake mojawapo ni kwamba ili ucheke lazima moyo ufe ganzi kwa muda. Ukimwonea mtu huruma kweli kweli huwezi kumcheka. Mfano wake ni mtu anayekimbia barabarani anajikwaa anaanguka, wapita njia wanacheka kwa sababu mwili umeendelea kama mashine wakati mazingira yalimtaka abadili mwendo.

Kwa hiyo nauliza, hiki mnachokiita kicheko ndani ya uzito si ndiyo ile ganzi? Tunaogopa kuumia tunacheka.

Msoma Polepole (mleta uzi)

Fundi Sentensi swali zuri sana, limenifanya nifunge simu nitembee kidogo kabla ya kujibu.

Kuhusu mtu aliyejikwaa Bergson yuko sahihi, yule simjui na sina habari naye. Lakini pale wodini ganzi haikuwepo hata chembe. Tulicheka kwa sababu tunamjua yule mzee, tunajua alivyo na mambo ya hesabu, na tulikuwa tumeshaanza kumlilia kama mtu aliyeondoka, ghafla akarudi mzima mzima katika maneno mawili. Asingekuwa baba yangu ingekuwa kichekesho cha kawaida. Huruma ilikuwepo yote na kicheko kilikuwepo chote, hakuna kilichompisha mwenzake.

Hata Chervyakov, ukimsoma haraka ni kibaraka tu anayeogopa wakubwa. Msome taratibu, kwa sauti ikiwezekana, utaona Chekhov anamfuata hatua kwa hatua kama daktari anavyofuata homa, kila radhi inapanda kidogo kuliko iliyopita. Huwezi kumwangalia mtu kwa makini hivyo kama moyo wako umekufa ganzi.

Na Chekhov aligombana na watu kwa ajili ya jambo hili hili. Tamthilia yake ya mwisho, ya bustani ya micheri, aliiita komedi, kaiandika hivyo kabisa. Mwongozaji Stanislavski akaipandisha jukwaani Moscow Januari 1904 kama msiba, waigizaji wanalia, na Chekhov akalalamika kwamba wameiharibu. Yeye aliona familia ambayo nyumba yao inauzwa wakati wenyewe wanaongea habari za kabati la vitabu, kuna bwana pale analihutubia kabati kwa kutimiza miaka mia! Stanislavski aliona machozi. Mimi naamini vyote viwili vimo, ila ukianza na machozi kicheko hakipati nafasi ya kuingia, ukianza na kicheko machozi yatakuja yenyewe.

Mwezi Julai mwaka huo huo Chekhov akafariki kule Ujerumani. Mwili ukarudishwa Moscow kwa treni ndani ya behewa la kusafirishia chaza, wale wa baharini wa kuliwa, na limeandikwa hivyo ubavuni. Kufika stesheni, kwa alivyosimulia mwandishi Maxim Gorky, kukawa na jeneza lingine, la jenerali aliyeletwa kutoka vitani upande wa Manchuria, baadhi ya waombolezaji wa Chekhov wakalifuata la jenerali wakawa wanashangaa mbona mwandishi anazikwa kwa bendi ya jeshi. Gorky alikasirika sana juu ya lile behewa na mambo ya siku ile. Namuelewa, ni rafiki yake. Lakini kila nikiwaza, mtu aliyemwandika karani na jenerali mwaka 1883, siku ya mazishi yake watu wanampoteza kwa jenerali. Mimi hapo nashindwa kuongeza neno.

Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya kimya tangu juzi leo niseme. Mimi ni nesi, miaka mingi, wagonjwa mahututi. Fundi Sentensi nakuhakikishia kicheko cha kule ndani sio ganzi. Ganzi naijua, ganzi ni kimya.

Kuna babu mmoja mke wake alifariki mikononi mwetu alfajiri. Tukafunga pazia tukampa muda wake. Mimi niko upande wa pili naandika faili, nikamsikia analia kwa sauti ya chini, kisha kimya, kisha akamuuliza mkewe, sauti ya kawaida kabisa ya nyumbani, "Sasa rimoti umeiweka wapi?"

Sikucheka pale. Nilienda kucheka chumba cha dawa, na nikalia huko huko. Lile swali lilikuwa na miaka yote ya ndoa yao ndani yake.

Bi Kurasa

Zamu ya Usiku umenimaliza.

Naongeza ya shangazi yangu, alinipigia simu kunipa taarifa ya msiba, analia hawezi kumaliza jina la aliyefariki, katikati ya kilio akasema "subiri mwanangu nizime jiko", nikasikia hatua zinakwenda, swichi ta!, hatua zinarudi, akaendelea kulia pale pale alipoachia, neno lile lile. Na alikuwa analia kweli, namjua. Jiko nalo lilikuwa linaungua kweli.

Kiti cha Nyuma

Hiyo ya jiko Shakespeare angeichukua hahaha. Maana yeye ndiye fundi wa haya mambo. Macbeth ametoka kumuua mfalme, mikono inadondosha damu, mke wake anamwambia nenda kanawe, mlango wa ngome unagongwa, ngo ngo ngo, wewe msomaji roho iko juu. Nani anatokea? Bawabu mlevi. Anajikokota, anajifanya yeye ni bawabu wa mlango wa jehanamu anawakaribisha wateja mmoja mmoja, akifungua anatoa somo zima kuhusu pombe inavyofanya pua iwe nyekundu na kukupeleka chooni, na kabla ya hapo ameshawakumbusha wageni wasimsahau bawabu, yaani anataka chochote kitu! Mfalme yuko ndani amekufa na huyu anaomba bakshishi.

Thomas De Quincey aliandika insha mwaka 1823 kuhusu kule kugongwa kwa mlango tu, hoja yake ni kwamba kule kugonga ndiko kunakorejesha dunia ya kawaida, na dunia ya kawaida ikirudi ndipo unashtuka umetoka wapi. Mimi naona bawabu ni hivyo hivyo. Bila yeye ungeendelea kuelea humo humo kwenye damu bila kujua kina chake.

Fundi Sentensi

Nimerudi. Jibu la mleta uzi nimelikubali nusu, la nesi nimelikubali lote.

Na nimekumbuka kitu kinachonisumbua tangu shuleni, kwenye Juliasi Kaizari ya Shakespeare huyo huyo, ile Mwalimu Nyerere aliyoitafsiri ikatoka mara ya kwanza 1963. Baada ya Antonio kuwasha umati moto, wanamkuta njiani Sina mshairi. Jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Anawaambia jamani mimi ni Sina mshairi, sio yule. Mmoja wao anasema basi achanwe kwa mashairi yake mabaya. Darasa zima tulicheka, nami nilicheka, na sekunde moja baadaye nikaona wanamchana kweli. Sijawahi kusahau ile sekunde. Niligundua nimecheka nikiwa upande wa umati.

Kwa hiyo nasema hivi, kipo kicheko cha nesi na kipo kicheko cha umati, na mwandishi mkubwa anaweza kukupa cha pili makusudi ili ujione.

Msoma Polepole (mleta uzi)

Fundi hapo umeleta kitu ambacho mimi sikukiona kabisa na nakishukuru. Umati ule ndiyo ganzi ya Bergson yenyewe. Kwa hiyo tofauti iko kwenye kumjua au kutomjua mtu unayemcheka, au labda kukubali kumjua. Chekhov anatulazimisha tumjue karani. Umati ulikataa kumjua Sina hata alipojitambulisha jina na kazi.

Kuna kingine kidogo nakiweka hapa kabla sijasahau. Samuel Beckett, ile tamthilia ya wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja, Paris Januari 1953. Mwishoni kabisa wanataka kujinyonga, kamba hawana, mmoja anafungua kamba inayoshikilia suruali yake wajaribu kama ni imara. Suruali inaanguka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wanaivuta kamba inakatika. Mwenzake anamwambia pandisha suruali, na yeye hata hajajua kama imeshuka. Mwigizaji wa kwanza hakutaka suruali ianguke yote na Beckett akaandika barua kusisitiza ianguke yote, isibakie kiunoni. Watu walimuona ni mtu wa kukata tamaa, kumbe anaandika barua kwa ajili ya suruali, na alikuwa sahihi! Ikiishia kiunoni ni mzaha, ikishuka yote ni binadamu wawili waliokosa hata kamba.

Zamu ya Usiku

Mleta uzi samahani kama nauliza lisilonihusu, mzee aliendeleaje? Sisi wa wodini mara nyingi hatujui mwisho wa stori.

Msoma Polepole (mleta uzi)

Dada yangu inakuhusu, usiombe samahani.

Alifariki siku ya nne baada ya ile. Hakuongea tena maneno ya kueleweka, kwa hiyo kwa kaka yangu yale ndiyo yakawa maneno ya mwisho ya baba yake kwake.

Siku ya mazishi ikabidi kaka aseme kwa niaba ya familia. Alikuwa ameandika karatasi mbili, tena nzuri, nilizisoma asubuhi. Akasimama mbele, akafungua karatasi, akaiangalia muda mrefu kama mzee alivyomwangalia yeye pale kitandani, akaikunja akairudisha mfukoni. Akasema, "Mimi ndiye mwenye hela yake."

Watu wote wakageuka kuangaliana, hawaelewi. Sisi watatu tukashikana mikono pale kwenye benchi, dada kajificha uso begani kwangu anatikisika, na aliyekuwa nyuma yetu akaniwekea mkono mgongoni akanong'ona jikazeni, jikazeni.